Kumchagulia Mtoto Kitabu cha Kila Kitu

Nyie vijana mnaouza vitabu siku hizi, na nyie wazazi wapya mnaopanda mpaka kwangu Goba kuniuliza mtoto anunuliwe kitabu gani, kaeni niwaambie. Nitajisifu kidogo, na msinikatishe. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vitabu kule Temeke miaka thelathini na ushee, magoti yamegoma, macho yamechoka, na miaka yote hiyo hakuna aliyeniweza kwa jambo moja: kumchagulia mtoto ensaiklopidia ya picha. Walikuwepo walionizidi kupanga shelfu, na walionizidi kufunga vifurushi, hilo nakubali. Lakini kwa ensaiklopidia ya mtoto, hapana.

Neno lenyewe lilinipiga chenga wiki nzima nilipoanza kazi. Nimetoka zangu Upare na cheti cha kidato cha nne, kichwa kimejaa, najiona nimesoma kuliko Temeke nzima, na bado ulimi ukagoma. Wateja walikuwa na akili kunishinda. Wao walikiita kitabu cha kila kitu. Anaingia mama na kapu lake la sokoni, anauliza, dada, kile kitabu cha kila kitu kipo? Kipo, mama, karibu. Mpaka leo naona jina lao ndilo zuri.

Bosi wangu alikuwa Mzee Nassoro, Mwarabu wa hapa hapa, duka alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Mtu mfupi, kofia nyeupe siku zote. Akifurahi hacheki, tumbo ndilo linalotikisika. Alinifundisha kazi kwa kuninyang'anya vitu mkononi. Nikishika kitabu kipya nianze kusifia jalada, anakichukua, anakigeuza, anakinusa kwenye mgongo. Gundi mbaya ina harufu kali ya kuwasha pua, na ikipita masika moja tu kurasa zinaanza kuaga. Halafu anakifungua katikati, anakilaza mezani, anatoa mkono. Kikikaa wazi chenyewe, mshono ni mzuri. Kikijifunga, basi mtoto atakikandamiza kwa goti, na mgongo utapasuka kabla ya Idi.

Kisha anampa mtoto akibebe. Mtoto, si mzazi. Kama mtoto hawezi kukitoa mwenyewe kwenye shelfu akakipeleka mkekani, hicho kitabu ni cha baba yake.

Mnaona? Nyie mnatazama nyota za wateja kwenye simu, mnaletewa kitabu hamjakinusa.

Kitu changu mwenyewe nilichoongeza ni chura. Nafungua orodha ya nyuma, ile inayoonyesha kila kitu kiko ukurasa gani, natafuta chura. Watoto wote wanauliza habari za chura. Kitabu kisicho na chura kimetungwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na mtoto siku ya mvua. Mzee Nassoro aliponiona nafanya hivyo mara ya kwanza aliuliza natafuta nini, nikamwambia, tumbo likatikisika, na kuanzia siku hiyo na yeye akawa anatafuta chura.

Lakini kipimo chake kikubwa, ambacho nawaomba mkishike, kilikuwa hiki. Mteja akija, usimkimbilie na kurasa za nyota na simba. Muulize anafanya kazi gani, halafu mfungulie ukurasa wa kitu anachokijua yeye. Muuza nazi mfungulie mnazi. Dereva mfungulie injini. Kitabu kikimdanganya kwenye kile anachokijua, kitamdanganya na mwanawe kwenye kile asichokijua, na hapo kirudishe kwenye shelfu, mpe kingine. Kuna nesi mmoja tulimfungulia ukurasa wa mwili wa binadamu, akatazama, akasema huyu mtu wenu moyo wake uko kulia. Picha ilikuwa imechapwa kinyume. Mzee Nassoro alirudisha katoni nzima kwa aliyetuletea, na hakuagiza kwake tena.

Wateja wenyewe walikuwa wa kila namna. Alikuja bwana mmoja anayejenga Boko, nyumba ya ghorofa, ana karatasi yenye vipimo vya ukuta. Alitaka vitabu vya kujaza ukuta ule, rangi ya maziwa au kahawia isiyokolea, viendane na makochi. Nikamuuliza watoto wana umri gani. Akasema hawajazaliwa, bado anatafuta mchumba. Nilimuuzia, jamani, nilikuwa na shida gani. Ila nilimpangia vile vyenye chura upande wa chini, kusudi siku watoto wakija wavifikie.

Sasa niwaambie nilivyoboronga, maana mtu anayewasimulia sifa tupu msimwamini.

Kuna mwaka nilikuwa nimeshasifiwa sana. Walimu walikuwa wanaingia dukani wanaulizia Dada Eli, hawamtaki mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mie nililitia. Akaja fundi mmoja wa Keko, fundi wa fanicha, anaitwa Fundi Mshamu. Shati safi la kutokea, lakini vumbi la mbao limebaki kwenye nyusi. Akasema ana binti yake, Rehema, yuko darasa la tatu, anauliza maswali kuanzia anaamka mpaka analala. Anataka kitabu kitakachomjibu.

Mie sikumuuliza chochote. Kazi yake niliijua, nilimwona vumbi, na kile kipimo cha mzee nilikuwa nacho kichwani. Lakini wiki ile tulikuwa tumeletewa ensaiklopidia moja kubwa ya Kiingereza, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu, jalada la ngozi, nzito mpaka mikono miwili. Nilikuwa na hamu ya kuiuza ili nionekane. Nikaifungua mbele yake nikaanza kuhubiri. Sayari hizi hapa, piramidi hizi hapa, binti yako akisoma hiki atakuwa daktari. Yeye anaitikia tu, sawa dada, sawa dada. Akatoa fedha bila kubishana bei. Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua, maana fundi wa Keko habishani bei pale tu anapokuwa anaficha kitu. Sikushtuka. Nilimfungia kwa karatasi ya kaki na kamba, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kaunta najiona malkia.

Ikapita miezi. Mzee Nassoro akataka shelfu mpya, akanituma Keko nikaagize kwa yule yule fundi, kwa kuwa ni mteja wetu. Nikafika. Vitanda vimepangwa barabarani, makabati, randa zinalia kila upande. Fundi Mshamu akafurahi kuniona, akasema shelfu tutaongea, kwanza nipite nyumbani, ni hapo nyuma tu, mkewe atakasirika akisikia nilikuja nikaondoka bila chai.

Nikaingia sebuleni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kabati la vioo. Mninga mtupu, limepigwa vanishi unaweza kujitazama. Ndani kuna vikombe vya wageni, sahani za wageni, na katikati, juu ya kitambaa cha kufuma cheupe, kimesimamishwa kitabu changu. Kufuli ndogo ya shaba mlangoni. Mama Rehema akaniambia kwa furaha kabisa kwamba mume wake alilitengeneza kabati lile kwa ajili ya kitabu, na kwamba kila mgeni anayeingia anauliza, na funguo anazo yeye kwenye ncha ya kanga, maana mikono ya watoto mnaijua.

Nyie vijana mnacheka, lakini nendeni makwenu mkaangalie kabati la mama zenu. Kwetu kitu cha thamani kinafungiwa. Tuna vikombe ambavyo havijawahi kunywewa na mtu wa nyumba ile.

Rehema alikuwepo, kakaa kwenye kigoda anachambua mchele. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza ukurasa gani kwenye kile kitabu anaupenda zaidi. Akakitazama kule kabatini, akaniambia yeye anakijua cha nje. Alisema kwa adabu, hakuwa analalamika. Mama yake akamwambia asijali, atasoma akikua.

Fundi Mshamu akanisindikiza. Tulipopita ule uchochoro wa kutokea barabarani akasimama, akatazama nyuma kama kuna mtu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada, mie sikusoma. Hata Kiswahili sisomi. Mtoto hajui, anajua baba yake ana kazi nyingi. Alikuwa ananiuliza maswali mpaka kichwa kinauma, na mie namwambia subiri, nitakununulia kitabu kitakachokujibu. Nimekinunua. Sasa haniulizi tena."

"Si atauliza tu, fundi," nikasema.

"Mwezi wa tatu huu hajaniuliza kitu. Anakaa kimya pale benchi ananitazama napiga randa. Naona mwanangu ananitoka hivi hivi, na yuko ndani ya nyumba yangu."

Nilirudi Temeke kwa miguu, na si karibu sana, sikutaka hata kupanda gari. Nilikuwa na hasira na mie mwenyewe. Nilimwambia Mzee Nassoro kila kitu, pamoja na ile hamu yangu ya kuonekana, nikijua nitafukuzwa au nitasemwa wiki nzima. Hakunisema. Alivua kofia, akaivaa, akaniambia niende Jumamosi nikawalete, baba na mtoto, na kile kitabu cha dhahabu wakirudishe. Tutawabadilishia. Ila safari hii, akasema, kaa kimya mtu achague.

Jumamosi wakaja. Fundi kakibeba kitabu kimefungwa kwenye shuka, Rehema nyuma yake kavaa gauni la Idi. Mzee Nassoro akaweka vitabu vitatu mezani, akaenda kukaa kwenye kiti chake pembeni. Kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa cha Kiswahili, jalada la karatasi ngumu, michoro badala ya picha za kamera, hakina dhahabu hata punje. Kilikuwa kimekaa kwenye shelfu muda mrefu kwa sababu watu walikiona kimepauka. Lakini kilinuka vizuri, kilikaa wazi, na chura alikuwemo, kurasa mbili.

Nikamwambia Rehema avibebe kimoja kimoja. Viwili vilimzidi. Kile cha Kiswahili akakikumbatia. Halafu nikamwambia, na hapa nilikuwa nafuata kipimo cha mzee neno kwa neno, amtafutie baba kitu anachokijua baba.

Akapekua. Akapita maua, akapita wanyama, akatazama chura kidogo, hilo nililitegemea, akafika kwenye ukurasa wa mafundi. Kulikuwa na mwashi, mshonaji, mhunzi, na chini kabisa seremala, kachorwa anachonga mguu wa meza, mkono wa kulia unasukuma patasi, wa kushoto umeshika mbao. Akamsogezea baba yake.

Fundi Mshamu akainama. Alipokuwa mbele ya kile cha dhahabu aliitikia tu sawa sawa. Hapa akasogeza uso karibu, akageuza kitabu upande, akakirudisha. Halafu akacheka kwa pua.

"Huyu mkono wake wa kushoto uko mbele ya patasi," akasema. "Chuma kikiteleza kinakuja wapi? Huyu hafiki saa saba mchana, kidole kimeondoka."

Kitabu kimedanganya. Kwa sheria ya Mzee Nassoro, kinarudi kwenye shelfu hapo hapo, na vile viwili vingine ni vya Kiingereza na mtoto hawezi kuvibeba, kwa hiyo mtu wangu anaondoka mikono mitupu kwa mara ya pili. Nikanyoosha mkono nikichukue. Na hapo Rehema akauliza.

"Kwani wewe kidole chako kilikatwa na patasi?"

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Fundi Mshamu kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye kiungo cha juu. Mie nilikuwa sijakiona hata siku moja, na yule mtoto alizaliwa kikiwa hivyo.

"Ndiyo," akasema baba yake.

"Ulisema kililiwa na panya."

Nikasikia kiti cha Mzee Nassoro kinalia, na nilijua bila kugeuka kwamba tumbo linatikisika. Fundi akajikuna shingo. Akamwambia mwanawe kwamba ilikuwa zamani, yeye mwanafunzi, mkono ukiwa hivi hivi kama wa huyu mjinga wa kwenye picha. Rehema akauliza kama damu ilitoka nyingi. Akauliza kipande kilienda wapi. Akauliza kwa nini patasi inateleza, kama ni mbao au ni chuma au ni mtu. Fundi akajibu. Akaeleza mbao ina mkondo wake, ukisukuma kufuata mkondo chuma kinakimbia, ukisukuma kuukata kinatii, na mninga una tabia hii na mkongo una tabia ile. Akachukua rula yangu ya kaunta ikawa patasi, akachukua muhuri wa duka ukawa mbao. Mtoto anauliza, baba anajibu, wateja wamesimama wanasikiliza, na mie mkono wangu bado uko hewani. Nikaurudisha mfukoni.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hata Mzee Nassoro hakunifundisha, na alikiri mwenyewe baadaye. Tulikuwa tunatafuta kitabu kitakachomjibu mtoto. Kumbe kitabu kizuri cha mtoto ni kile kinachomrudisha kwa mzazi wake na swali jipya mdomoni, na kosa dogo ambalo mzazi anaweza kulisahihisha nalo lina kazi yake. Moyo ulio kulia sitauza, hapana. Lakini kuanzia siku ile sikumuuzia mtoto kitabu bila kuona kwanza kama kinamfungua mdomo aliyekuja naye. Niliwaona mabubu wengi wakisema pale kaunta. Kwa hilo najivuna, na nitajivuna mpaka kaburini.

Fundi akasema anakichukua hicho hicho chenye kosa. Mzee Nassoro akainuka, akaenda kwenye shelfu, akatoa nakala zote zilizobaki za kitabu kile, zilikuwa chache, akazipanga kaunta akazifungua ukurasa wa seremala. Akamwambia, fundi, watoto wengine watakatika vidole, tusaidie. Akampa kalamu ya risasi.

Fundi Mshamu akaitazama ile kalamu. Kalamu ya risasi anaijua, kila siku iko nyuma ya sikio lake, anapiga nayo mistari. Nikajua anachoogopa, nikataka kuingilia kati niseme nitaandika mie. Mzee Nassoro akanikazia macho nikafunga mdomo. Fundi akampa Rehema.

"Andika wewe. Mkono ukae nyuma ya patasi."

Rehema akaandika chini ya picha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, herufi kubwa kubwa. Mzee Nassoro akasema bado, mtu akisoma atataka kujua nani kasema. Basi akaongeza. Akahamia nakala ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha. Alipomaliza ile ya mwisho, ile yao ya kwenda nayo nyumbani, baba yake akaivuta mbele yake akaitazama muda mrefu.

"Nisomee," akasema.

"Si umesema mwenyewe?"

"Nisomee. Mie sijui kusoma."

Alisema mbele yetu sote, kwa sauti yake ya kawaida. Rehema akamtazama baba yake usoni. Mtoto hakuuliza chochote. Akasogea, akasoma polepole, anafuata kwa kidole: Mkono ukae nyuma ya patasi. Amesema Fundi Mshamu wa Keko.

"Mshamu iko wapi hapo?"

"Hii."

Akaweka kile kidole chake kifupi juu ya neno, akakiacha pale, na binti yake akaanza kumtajia herufi moja moja.